Hoteli Tuliyomchagulia Mama

Tangu turudi Mpanda nimesimamishwa sokoni, nimesimamishwa mlangoni pa kanisa, na mara moja nimesimamishwa nikiwa juu ya baiskeli, niulizwe swali lile lile: ni kweli mlikwenda Dar es Salaam mkalala hotelini, na ndugu mnao? Nimesimulia vipande vipande mpaka vipande vyenyewe vimeanza kupingana. Kuna anayesema tulifukuzwa. Kuna anayesema mama aliajiriwa. Sasa naandika yote kwa mara moja, nyie msome, kisha mniache nipite.

Mambo yalianza na mgongo. Mwaka jana mama aliugua mgongo, daktari akamwambia akae wiki mbili bila kushika jembe wala sufuria. Alikaa siku mbili. Siku ya tatu tulimkuta nyuma ya nyumba anapura maharage, akatuambia maharage si jembe wala si sufuria. Baba, ambaye alikuwa mwalimu mkuu na hapendi kushindwa na mtu yeyote darasani, akaapa kwamba akistaafu tu atampeleka mahali akapumzike wiki nzima, apende asipende.

Alipostaafu nikamwuliza ni wapi. Akasema Temeke, kwa mdogo wake, baba mdogo Festo. Nikamwambia hiyo si likizo, ni uhamisho wa kikazi. Nimesoma chuo Dar, nimewaona akina mama wa kwetu wanavyofika kwa ndugu. Anaweka mzigo chini, anakunywa maji, anajifunga khanga kiunoni, anauliza kisu kiko wapi. Anatoka jikoni siku ya kuaga. Kama tunataka mama apumzike, nilimwambia baba, tumpeleke mahali ambapo jiko lina mlango na mlangoni kuna mtu wa kumzuia.

Baba alikaa na neno hilo siku mbili. Kisha akasema sawa, hoteli, lakini Festo asijue. Tutakwenda kumsalimia siku ya mwisho. Sikumwuliza tutamwambia tumelala wapi siku zote hizo, ingawa mimi huuliza kila kitu. Mdogo wangu Skola anasema nilipozaliwa nilimwuliza mkunga kama ana cheti. Wala hakuna kati yetu aliyekumbuka kumwambia mama kwamba jambo hili ni siri.

Kutoka Nsemulwa mpaka stesheni

Kutoka kwetu ni mwendo mfupi kwa miguu, lakini tulikwenda na mkokoteni, kwa sababu mama alikuwa amefungasha. Nguo zake zilijaa kimfuko kimoja. Vilivyobaki ni gunia la mchele wa Kasansa, kwao alikozaliwa, galoni ya asali, na jogoo mwekundu ndani ya tenga. Nikamwuliza vya nani. Akanijibu kwa sauti ya mtu anayemweleza mtoto, "Vya wenyeji wetu. Utaingiaje kwa watu mikono mitupu?"

Nikadhani anasema kuhusu kina baba mdogo. Nikaona ni jambo jema. Hapo ndipo kuuliza kila kitu kunaposaidia, na siku hiyo sikuuliza.

Mpanda mpaka Kaliua

Mabehewa ya daraja la pili siku hiyo hayakuwepo. Tulipanda la tatu, mama akapata kiti cha dirishani, baba akamwekea shuka mgongoni lililokunjwa mara nne. Tulipofika Katumba shuka lilikuwa limekaliwa na mtoto wa mtu mwingine na mama alikuwa amesimama, anagawa chakula.

Chakula hicho nilikuwa nimekipigia hesabu mwenyewe. Kuku wawili wa kuchemsha, viazi, chapati, karanga za kukaanga: kitatosha watu wanne mpaka Tabora, na akiba itabaki. Hesabu yangu haikujua kwamba kwetu mtu hafungui kikapu mbele ya watu akala peke yake. Mama alianza na waliokaa mbele yetu, akaenda kwa waliokaa nyuma, kisha akavuka kwenda upande wa pili kwa sababu kulikuwa na mama mjamzito. Saa nane mchana tulibaki na mifupa.

Mbele yetu alikaa mzee mmoja Msukuma, Mzee Masanja, aliyehamia Mpimbwe, upande wa kina mama, na ng'ombe wake miaka mingi iliyopita na sasa alikuwa anakwenda Tabora kumwona binti yake. Baba alianza kumtania kwamba ng'ombe zake wamekula mpunga wote wa wakwe wa baba. Mzee akajibu kwamba mpunga wenyewe ulikuwa umelimwa vibaya, ng'ombe waliula kwa huruma. Wakawa marafiki. Wakajadili vyama vingi, wakakubaliana kwamba ni vingi. Kisha mzee akauliza tunakwenda kwa nani huko Dar, na baba, ambaye hajui kusema uongo hata wa adabu, akasema hotelini.

Mzee Masanja aliifikiria hoteli kwa kituo kizima.

"Mwalimu," akasema, "huyo mwenye nyumba anajua ukoo wako?"

"Hajui."

"Na wewe humjui."

"Simjui."

"Sasa ukiugua humo, atapeleka habari kwa nani?"

Nikaingilia. Nilimweleza kwamba hoteli ni huduma, mtu analipa, anapewa chumba, hakuna anayemdai mwenzake wema. Mzee akanisikiliza kwa heshima yote, kisha akamgeukia baba na kumwuliza nimesoma mpaka darasa la ngapi.

Karibu na mto Ugalla treni ilisimama porini. Tuliambiwa dakika kumi. Nilishuka kumwuliza fundi kinachoendelea, akasema injini imepata joto. Nikamwuliza inapoa kwa muda gani, akasema mpaka ipoe. Ilipoa kwa saa tano. Jogoo aliwika kila saa, kwa uaminifu kuliko ratiba. Wakati huo wote mama alikuwa chini, kando ya reli, amekoka moto na wanawake wengine watatu, wanachemsha uji kwenye sufuria ambayo mpaka leo sijui ilitoka kwa nani. Baba alimtazama kupitia dirisha, akaniambia polepole, "Huyu tukimpeleka kwa Festo, amekwisha."

Tabora

Treni ya kutoka Kigoma ilikuwa bado haijafika, kwa hiyo tulikaa Tabora siku nzima. Binti ya Mzee Masanja, aliyekuja kumpokea baba yake, alipoambiwa kwamba mama alilisha behewa zima, alikwenda nyumbani akarudi na beseni la ugali na mlenda wa karanga. Tulikula sisi, na wapagazi wawili, na mtu mmoja aliyekuwa anasubiri treni ya Mwanza. Nilikuwa tayari kukubali kwamba hesabu ya mama inafanya kazi, isipokuwa majibu yake yanachelewa.

Alipokwisha kula mama alikusanya vyombo, akavisugua kwa mchanga penye bomba, vya kwetu na vya watu. Nikamwambia mama, uko likizo.

"Likizo inaanza tukifika," akasema. "Sasa hivi tuko njiani."

Tabora mpaka Dar

Sehemu hii ni ndefu kwenye ramani na fupi kwenye kumbukumbu, kwa sababu nililala. Nakumbuka kituo cha Saranda, kuku wa kukaanga waliopitishwa dirishani wakiwa wamekonda kama wamekimbia na treni. Nakumbuka Skola akisoma kwa sauti majina ya vituo na kumwuliza kila mtu kama hapo ndipo Dar. Na nakumbuka baba akifanya mazoezi ya kusema, "Festo, tumefika jana tu." Alisema kama mtu anayesoma ubao kwa mbali. Skola akamwambia, baba, hata jogoo hakuamini.

Hoteli ya kwanza na ya pili

Nilikuwa na daftari. Ndani yake niliandika maswali kumi na mawili ya kuulizia hoteli, na najivunia bado. Maji yanatoka saa ngapi, na yakikatika kuna pipa? Umeme wa mgao ukiondoka kuna jenereta? Chandarua kina matundu mangapi? Baa iko upande gani wa chumba? Nilitaka mama apate mahali pa raha ya kweli, si raha ya kwenye bango.

Hoteli ya kwanza ilikuwa na ghorofa nane na lifti. Sakafu iling'aa mpaka Skola akavua kandambili. Nyuma ya meza kulikuwa na kijana aliyekuwa anaongea na simu; alituonyesha viti kwa kidole akaendelea kuongea. Nilipokuwa nasubiri nimwulize swali la kwanza, mama alisimama, akabeba tenga lake, akatoka nje. Tulimfuata barabarani.

"Pale hapana mwenyewe," akasema. "Umeingia na mizigo, mtu hakwambii hata karibu?"

Hoteli ya pili ilikuwa na mwenyewe, tena mcheshi kupita kiasi. Alituita wafalme. Nikaomba nifungue bomba la bafuni. Bomba likakohoa, likatoa kutu na mdudu mmoja mdogo. Nikamwuliza maji hutoka saa ngapi. Akasema, inategemea. Nikamwuliza inategemea nini. Akasema, maji yenyewe. Baba akanishika bega tukatoka, kwa sababu aliona nimeanza kufurahi.

Hoteli ya tatu

Ilikuwa ya ghorofa tatu tu, mtaa wa nyuma, rangi imebanduka kidogo mbele. Dada wa mapokezi, aliyeitwa Rehema, alitoka nyuma ya meza yake akampokea mama tenga mkononi. "Shikamoo, mama. Poleni na safari." Mama akaitikia, akakaa kwenye kochi, akavua viatu. Hoteli ilikuwa imechaguliwa. Mimi nilikuwa nimefika swali la pili.

Nilimaliza yote kumi na mawili hata hivyo. Maji yapo asubuhi na jioni, na kila bafu lina pipa. Jenereta ipo. Feni inazunguka. Baa hakuna, ni mgahawa. Vyumba viwili vinavyopakana, shuka nyeupe zinazonukia sabuni. Nilikuwa bado natikisa kitanda kuona kama kinalia niliposikia sauti ya mama chini, nikashuka.

Alikuwa amesimama mbele ya meza, na juu ya meza kulikuwa na gunia la mchele, galoni ya asali na jogoo.

"Ni kidogo tu, mwanangu," alikuwa anamwambia Rehema. "Mpe mama mwenye nyumba, mwambie tumefika salama. Na yeye tutamwona saa ngapi tumsalimie?"

Rehema alinitazama, akatazama jogoo. Halafu akafanya alichofundishwa kufanya na mizigo ya wageni. Alitoa vikaratasi vitatu vyenye namba, akafunga kimoja kwenye gunia, kimoja kwenye galoni, na kimoja mguuni mwa jogoo, akampa mama vipande vyake avitunze, aje navyo siku ya kuondoka.

Mama alipanda ngazi. Chumbani alivipanga vile vipande kitandani, akaniuliza kama zawadi yake ina kasoro. Wamesema tuje tuichukue wakati wa kuondoka. Kwao, mtu akikurudishia ulicholeta, amekwambia usirudi tena.

Nilimweleza kwamba hoteli haina mama mwenye nyumba. Nilimweleza habari ya huduma, kama nilivyomweleza Mzee Masanja, na kwa mafanikio yale yale. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Basi tutawalipa kwa mikono," akasema.

Asubuhi iliyofuata mama aliamka kabla ya wote. Alitandika vitanda vya vyumba vyote viwili, akafagia, akapiga deki, akafua taulo za hoteli. Mama Zawadi, anayesafisha vyumba, alipogonga alikuta hana kazi, akaogopa kwamba kuna mtu ameajiriwa mahali pake. Tulipofika mgahawani kunywa chai, mama hakuwepo. Nilimkuta nyuma, jikoni, amekaa kwenye kigoda na sahani ya vitunguu mapajani, anamwonyesha mpishi wa hoteli jinsi ya kuvikata. Mlango ulikuwepo, kama nilivyoahidi. Ila yule wa kumzuia ndiye aliyempa kigoda.

Baba alikunywa chai yake bila kunitazama. "Ulisema mlangoni kutakuwa na mtu," akasema.

Na mgongo ulikuwa umeanza tena. Mama hakusema, lakini alipopanda ngazi niliona anashika ukuta.

Temeke inakuja kwetu

Mchana wa siku hiyo meneja alisema jogoo hawezi kukaa stoo, anaamsha wageni. Sisi wanaume tukaanza kujadili. Mama hakujadili. Mama Zawadi anaishi Temeke, mtaa wa tatu kutoka kwa baba mdogo. Mama alikuwa ameshagundua hilo wakati wanakamua taulo pamoja. Alimkabidhi jogoo, akampa na salamu: mwambie shemeji Festo ni kutoka kwa shemeji yake, tuko hapa hotelini, wote wazima.

Baba alipoambiwa alikaa kitandani. "Mama Deusi, si tulisema Festo asijue?"

"Mlisema nyie wawili," mama akasema. "Mimi niliambiwa hatutalala kwake. Kumsalimia nani alikataza?"

Kesho yake, saa nne asubuhi, baba mdogo Festo aliingia hotelini na suti yake ya kanisani, na nyuma yake mkewe, Mama Neema. Baba mdogo hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikataa kiti, akasimama mbele ya kaka yake katikati ya mgahawa.

"Kaka, nimekukosea nini?"

Baba alifungua mdomo. Nadhani alitaka kusema tumefika jana tu. Akanigeukia mimi.

Nikaona ni zamu yangu. Nikaeleza kwa mpangilio: nyumba ya Temeke ina vyumba viwili, watu ni wengi, sisi wanne tungewabana, mama anahitaji utulivu, daktari ameshauri. Kila hoja ilikuwa kweli, na kila hoja ilimfanya baba mdogo azidi kuwa mdogo ndani ya suti yake.

"Kwa hiyo nyumba yangu ni ndogo," akasema. "Hata kwa ndugu yangu wa tumbo moja. Watu wa Mpanda nitawaambia nini?"

Skola alinikanyaga mguu chini ya meza.

Hapo mama alitoka jikoni, anafuta mikono. Alimwambia shemeji yake akae, akakaa. Aliagiza chai na maandazi, akawamiminia mwenyewe. Akauliza habari za watoto mmoja mmoja. Kisha Mama Neema, ambaye mpaka hapo alikuwa hajasema zaidi ya salamu, akauliza kwa sauti ya chini kama anaweza kwenda kuona chumba. Tu kukiona.

Wakapanda. Tulisubiri. Chai ikapoa, ikaletwa nyingine. Baba na mdogo wake walitazamana juu ya vikombe, kila mmoja na huzuni yake. Saa moja ilipita, na nusu. Nikatumwa juu.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na mlango, mikono mapajani, hafanyi kitu chochote. Sijawahi kumwona hivyo. Aliweka kidole mdomoni. Kitandani, juu ya shuka nyeupe, chini ya feni, Mama Neema alikuwa amelala na viatu.

"Alikaa tu kujaribu godoro," mama akaninong'oneza. "Ameniambia tangu amzae Neema hajawahi kulala mchana bila mtu kumwita. Neema ana miaka kumi na saba."

Nikamwuliza nikawaambie nini huko chini. Mama akashuka mwenyewe, ameshika ukuta, akasimama mbele ya wale wanaume wawili.

"Shemeji," akamwambia Festo, "una haki. Mgeni wako amefika mjini, hakuja kwako, ni aibu. Basi huyu hapa kaka yako, mchukue. Na huyu Deusi, mchukue naye, ana maneno mengi, hapa anasumbua watu kwa maswali ya bomba. Mke wako ananisaidia kukaa hapa. Skola atatuletea maji."

Baba mdogo akauliza, kwa tahadhari, ni mpaka lini.

"Wiki imebaki siku tano," mama akasema.

"Na nani atapika?"

Mama alimtazama kwa upole kabisa. "Si nyumbani kwako?"

Temeke

Sasa mnajua ni kwa nini mimi, niliyechagua hoteli ya raha kwa maswali kumi na mawili, nilikaa ndani yake usiku mara mbili tu, na tano zilizobaki nikalala Temeke kwenye mkeka, katikati ya binamu wawili wanaopiga mateke. Baba mdogo alikuwa amepata mgeni wake. Alimtembeza baba kwa kila jirani, heshima ikarudi siku ile ile. Neema na wenzake walituangalia tukishika jiko la mkaa kama watu wanaoangalia mpira. Baba aligundua kwamba katika miaka thelathini ya kufundisha sayansi kimu, somo la mapishi, kwa mitihani hakuwahi kusonga ugali. Ule wa kwanza tuliula kwa kijiko. Wa pili uliliwa na jogoo.

Kila mchana nilikwenda hotelini kuwaangalia. Siku ya kwanza Skola aliniambia wamegombana: mama alishika ufagio, Mama Neema akamnyang'anya, Mama Neema akataka kufua, mama akakalia beseni. Siku ya pili kila mmoja alikuwa analinda mwenzake asiinuke. Hakuna mmoja wao ambaye angeweza kujipumzisha mwenyewe, lakini kumpumzisha mwingine, hiyo ni kazi, na kazi wanaijua. Siku ya tatu niliwakuta wamelala vitanda viwili, madirisha wazi, kaseti inaimba polepole, wanacheka jambo ambalo walilinyamazia nilipoingia. Mama alishuka ngazi kunisindikiza. Hakushika ukuta.

Siku ya nne nilikwenda na swali. Wali wetu ulikuwa unaungua chini na unabaki mbichi juu, baba na mdogo wake wamefikia kulaumiana habari za utotoni, na nilitaka mama aniambie maji yanawekwa kiasi gani. Rehema alinisimamisha mapokezi.

"Samahani, kaka Deusi. Wale mama wawili wa chumba namba sita wamesema wasisumbuliwe."

Nikamwambia mmoja wao ni mama yangu.

"Ndiyo," akasema. "Amekutaja kwa jina."

Nikarudi Temeke. Ilikuwa zamu yangu ya masufuria.